Somo kwa Wanaotaka Kuwa Waandishi wa Hadithi

Wako vijana wengi katika Meru na Embu wanaopenda kuandika. Wengine wana madaftari yaliyojaa hadithi, nao huyaficha chini ya godoro kwa kuona haya. Wengine hawajaandika hata neno moja, lakini jioni wakianza kusimulia, watu husahau chakula kilichoko mekoni. Hawa wote wana maswali mawili. La kwanza: je, mtu wa kwetu, ambaye Kiswahili si lugha aliyoinyonya kwa mama yake, aweza kuandika hadithi zikasomwa na watu wa mbali? La pili: akiweza, je, kalamu itamlisha?

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, na ushahidi upo. Jibu la pili lahitaji maelezo, maana hapo ndipo wengi walipodanganyika, wakapoteza mali yao au wakakata tamaa. Basi, ndugu msomaji, chukua kalamu na karatasi, tusome pamoja.

MFANO ULIO KARIBU NASI

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kithaka wa Mberia alizaliwa mwaka 1955 katika nchi ya Tharaka, upande wa chini wa iliyokuwa Wilaya ya Meru. Lugha ya kwao ni Kitharaka, na lugha hiyo hiyo ndiyo aliyoichunguza baadaye katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akapata shahada ya udaktari na kuwa profesa wa isimu. Walakini mashairi na tamthilia zake aliziandika kwa Kiswahili. Mwaka 1997 ilitoka tamthilia yake iitwayo Natala, habari za mwanamke anayekataa kurithiwa kama mbuzi na kunyang'anywa shamba. Mwaka 2001 ikatoka Kifo Kisimani, nayo ikapata kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Maelfu ya wanafunzi, wa pwani na wa bara, walikaa wakijifunza Kiswahili kwa kazi ya mtu wa Tharaka.

Tazama jambo moja katika mfano huu. Mambo ya Natala si mambo ya kigeni. Ni mashamba, hati, mjane na shemeji, yale yale yanayozungumzwa katika baraza la chifu na chini ya mti sokoni. Mwandishi hakuacha ya kwao ili aandike Kiswahili. Aliyachukua ya kwao akayavika Kiswahili.

SIKILIZA KABLA YA KUANDIKA

Kazi ya kwanza ya mwandishi si kuandika, bali ni kusikiliza. James Mbotela wa Freretown, Mombasa, alikuwa mtoto wa mtu aliyewahi kutekwa utumwani, na masimulizi ya watu wa aina hiyo ndiyo yaliyomwezesha kuandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Kama asingalisikiliza, asingalikuwa na la kuandika.

Katika Embu tunaye H. S. K. Mwaniki. Yeye ni mwanahistoria, si mtunzi wa hadithi, lakini kazi yake ni funzo kubwa kwa watunzi. Alikwenda kwa wazee wa Embu na Mbeere, akaketi nao, akawauliza, akayaandika waliyosema. Mwaka 1973 kikatoka kitabu chake juu ya historia ya Embu na Mbeere, na mwaka 1974 kikatoka kingine chenye masimulizi yenyewe ya wazee. Tangu wakati huo imepita zaidi ya nusu karne. Vinywa vilivyosimulia vimenyamaza; maneno yamebaki. Mzee ambaye hakuulizwa amekwenda na yake yote, wala hakuna awezaye kumfuata kumwuliza.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuandika, nunua daftari dogo la kutia mfukoni. Andika maneno unayoyasikia: jinsi mama muuza ndizi anavyomjibu mnunuzi mchokozi, jinsi mzee anavyoanza hotuba yake kwa kuzunguka mbali kabla ya kusema analolitaka, jinsi utingo wa gari anavyoita abiria wa Chuka na Runyenjes. Usiandike "walibishana". Andika walivyobishana. Daftari hili ndilo ghala lako, na asiye na ghala hupika maji matupu.

Pamoja na kusikiliza, soma. Asiyesoma vitabu vya wenziwe hujiona amevumbua jambo ambalo wengine walilimaliza zamani. Mjini Meru na mjini Embu kuna maktaba, ingia humo. Kitabu kizuri kisome mara mbili: mara ya kwanza kwa kufurahi, mara ya pili kwa kuuliza, "Ameniwezaje huyu hata nikakosa usingizi?"

HADITHI HUJENGWAJE?

Watu wengi hudhani ya kuwa hadithi ni mambo mengi yaliyofuatana. Sivyo. Hadithi ni mtu mwenye haja, na kizuizi kilichosimama mbele yake.

Tutazame masimulizi ambayo kila Mmeru ameyasikia kwa babu yake, yaani habari za Mbwaa. Wahenga wa Wameru walikuwa watumwa wa watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa watumwa kazi zisizofanyika, wakisema wakishindwa wataangamizwa. Waliambiwa walete kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Waliambiwa walete mbwa mwenye pembe. Kila mara walitafuta shauri, wakapata ujanja. Mwisho wakaambiwa watengeneze mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Hapo ujanja ukafika ukingoni, na haikubaki njia ila kutoroka usiku, wakiongozwa na Koomenjoe, mpaka wakayavuka maji.

Wasimulizi hutofautiana katika idadi ya kazi na mpango wake, lakini mjengo ni mmoja, nao watufundisha mambo manne.

Kwanza, haja yajulikana tangu mwanzo: watu wataka kuishi. Msikilizaji hahitaji kuambiwa awahurumie.

Pili, kila kazi ni ngumu kuliko ile iliyotangulia. Kama mkuki wa mbinguni ungaliwekwa mwanzo, kiatu kingeonekana mchezo wa watoto. Mwandishi mchanga aghalabu humaliza risasi zake zote katika ukurasa wa kwanza, kisha hana la kumpigia mnyama akitokea.

Tatu, watu wenyewe ndio wanaojiokoa kwa akili na uamuzi wao. Hadithi ambayo shida yake huisha kwa sababu mjomba tajiri ametokea ghafula kutoka Nairobi ni hadithi iliyomwibia msomaji.

Nne, mwisho una gharama. Wahenga waliokoka, lakini waliacha kwao. Msomaji hukumbuka zaidi mwisho ambao ndani yake kuna kilichopatikana na kilichopotea.

Basi kabla hujaandika hadithi yako, andika sentensi tatu tu: ni nani, anataka nini, na ni nini kinachomzuia. Ukishindwa kuziandika sentensi hizo, hadithi bado haijaiva; iache mtini.

LUGHA NA MITEGO YAKE

Si lazima kila mtu aandike Kiswahili. Kimeru, Kiembu, Kimbeere na Kitharaka ni lugha kamili, nazo zahitaji vitabu. Mwenzetu Gakaara wa Wanjau wa Karatina, jirani yetu wa upande wa pili wa mlima, aliandika Gikuyu maisha yake yote. Alikamatwa mwaka 1952, akakaa kizuizini miaka mingi, na huko aliweka kumbukumbu kwa siri. Kumbukumbu hizo zilichapishwa mwaka 1983, na mwaka 1984 zikapata Tuzo ya Noma, tuzo kubwa ya uchapishaji katika Afrika. Lugha ya nyumbani haikumzuia kujulikana.

Lakini ukichagua Kiswahili, jifunze kukiheshimu. Sisi wa nyanda hizi tuna mitego yetu. Mtego wa kwanza ni r na l. Ukiandika kwamba baba "alitafuta mahali ya binti yake", msomaji wa Lamu atadhani binti alikosa pa kulala, kumbe wewe wataka kusema mahari. Na ukiandika kwamba wazee "walikwenda kupiga kula", umeugeuza uchaguzi kuwa karamu. Mtego wa pili ni kutia sauti ya m au n mahali isipotakiwa, mtu akaandika "mbarua" kwa barua na "ndawa" kwa dawa. Mtego wa tatu ni kutafuta maneno makubwa. Mwandishi mchanga huona neno zito katika kamusi, akalibeba mpaka hadithini kama mtu aliyevaa koti la sufi kulima Ishiara wakati wa jua. Neno lililo sawa ni lile ambalo mhusika angelisema kweli.

Maneno ya nyumbani yasiyo na neno lake katika Kiswahili usiyaogope. Yaweke palipo mahali pake, na maneno yaliyo karibu yaeleze maana, msomaji asilazimike kuuliza.

SAA YA KUANDIKA

"Sina nafasi," husema wengi. Natuangalie habari za Shaaban Robert. Alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909. Mwaka 1926 aliingia kazi ya ukarani katika forodha, akaifanya mpaka mwaka 1944. Kisha akahamia idara ya wanyama, halafu ofisi ya wilaya ya Tanga, halafu ofisi ya upimaji wa ardhi, mpaka mwaka 1960. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa mtumishi wa serikali, mwenye mkubwa wake na saa zake za kazi. Katika miaka hiyo hiyo aliandika mashairi, insha, habari za maisha yake, na hadithi kama Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951. Hakungoja kupewa nafasi. Aliikata kutoka katika usingizi wake.

Chagua saa moja na uishike. Mwenye kukamua ng'ombe alfajiri aandike usiku. Mlinzi wa usiku aandike asubuhi. Ukurasa mmoja kila siku ni kurasa mia tatu na sitini na tano kwa mwaka, yaani kitabu kizima na akiba. Lakini kurasa kumi Jumapili moja na mapumziko ya miezi miwili hazizai kitu, kwa maana hadithi iliyoachwa hupoa, na kuipasha moto ni kazi kuliko kuiwasha.

KUPOGOA

Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Kwa hiyo hakuna haja ya kumweleza mtu wa huku maana ya kupogoa. Mche hukaa kiasi cha miaka mitatu kabla ya kuzaa vyema, na asiyekata matawi huvuna majani. Uandishi ni vivyo hivyo.

Mwandishi wa somo hili atoe ushahidi wake mwenyewe. Hadithi yangu ya kwanza niliipeleka kwa mchapishaji mmoja, ikarudi pamoja na barua ya mistari minne. Niliona aibu, nikaifungia sandukuni miaka miwili. Nilipoitoa na kuisoma kama mtu mgeni, niliona kosa langu mara moja: nilikuwa nimeeleza mlima, mvua, mto na ukoo mzima wa mhusika kwa kurasa kumi na mbili kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Mistari ile minne ilikuwa kweli tupu. Aliyenipotezea miaka miwili si yule mchapishaji, ni kiburi changu.

Tangu siku hiyo nafuata kanuni hizi. Hadithi ikimalizika, iache majuma matatu bila kuitazama. Kisha isome kwa sauti. Mahali ulimi unapojikwaa, pana kosa. Kata sentensi ambayo ikiondolewa hakuna anayeikosa. Halafu mpe watu wawili waisome: mmoja ajuaye Kiswahili kuliko wewe, na mmoja asiyeona haya kukwambia kwamba alisinzia. Usimpe mchumba wako, atakusifu.

MSWADA NA MKATABA

Mswada uliokamilika hutafuta njia ya kutoka. Njia moja ni mashindano. Muhammad Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la hadithi za Kiswahili la miaka ya 1957 na 1958 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa mwaka 1960. Ofisi ile iliyoanza mwaka 1948 haipo tena; baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kazi yake nchini Kenya hatimaye ilirithiwa na Kenya Literature Bureau. Lakini mashindano hayakuisha. Mwaka 2014 ilianzishwa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo ilipokea hata miswada isiyochapishwa.

Njia ya pili ni kumpelekea mchapishaji. Kwanza tazama anachapisha vitabu vya namna gani. Usimpelekee mashairi mtu anayechapisha vitabu vya hesabu. Baki na nakala yako daima. Kisha subiri, wala usikae bure. Anza hadithi nyingine. Kufikirika ya Shaaban Robert iliandikwa mwaka 1946, ikachapishwa mwaka 1967, na mwandishi mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1962. Ni habari ya kusikitisha, nayo yatufundisha mambo mawili: kazi nzuri yaweza kukawia, na kazi iliyohifadhiwa vyema haifi.

Siku utakapoletewa mkataba, usiutie sahihi siku hiyo hiyo. Furaha ni mshauri mbaya. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ni mali ya aliyeitunga tangu anapoiandika, na haki hiyo huendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake, hadithi ni kama shamba: watoto wako waweza kuirithi. Na kama shamba, yaweza kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Tufanye hesabu. Tuseme kitabu chauzwa shilingi 400, na mkataba wampa mwandishi sehemu ya kumi. Kila nakala itamletea shilingi 40. Nakala 1,000 zitamletea shilingi 40,000. Sasa tuseme mtu mwingine amekuja na shilingi 20,000 mkononi, akitaka kununua haki zote mara moja. Fedha za mkononi huvutia, hasa karo ikiwa imefika. Lakini kitabu kikipata kusomwa shuleni, zikauzwa nakala 10,000, yule wa sehemu ya kumi atapata shilingi 400,000, na aliyeuza haki zote hatapata hata senti. Kwa hiyo uliza maswali haya kabla ya kushika kalamu: Je, nauza haki au naazima? Sehemu ya kumi ni ya bei ya dukani, au ya fedha zinazomfikia mchapishaji, ambazo ni chache zaidi? Malipo ni lini, na hesabu nitaonyeshwa? Kitabu kikiisha na kisichapwe tena, haki zitanirudia? Mambo yote yawe katika maandishi. Ahadi ya mdomoni haina sahihi.

Wengine huchapisha kwa fedha zao wenyewe. Njia hii si ya aibu, lakini ajuaye kuandika si lazima ajue kuuza. Usichapishe nakala 2,000 kwa mkopo wa ng'ombe kabla hujajua ni nani watakaonunua 200.

JE, KALAMU ITALISHA?

Sasa twarudi kwenye swali la pili. Wachache sana katika Afrika ya Mashariki wameishi kwa hadithi peke yake. Shaaban Robert alikuwa karani. Kithaka wa Mberia alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Muhammad Said Abdulla alihariri gazeti la wakulima lililoitwa Mkulima. Basi usiache kazi, wala usiuze shamba, kwa sababu umemaliza sura tatu. Lakini ustadi wa kalamu hulisha kwa njia nyingi zilizo jirani ya hadithi: kutafsiri, kuhariri, kuandika michezo ya redio, kuandika vitabu vya shule, kufundisha. Mtu ajuaye kuandika sentensi safi hatafutiwi kazi mara mbili.

Na iko faida ambayo haihesabiwi kwa shilingi. Mjukuu wa mtu wa Mbeere akitaka kujua nyanya yake alicheka kwa nini na alilia kwa nini, atatafuta wapi kama hakuna aliyeandika?

MAZOEZI YA MWEZI HUU

1. Mwendee mzee mmoja wa kijiji chako, mwombe akusimulie siku moja tu ya ujana wake. Andika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba.

2. Andika sentensi tatu za hadithi yako: ni nani, anataka nini, ni nini kinachomzuia.

3. Andika mazungumzo ya ukurasa mmoja kati ya mnunuzi na muuzaji sokoni. Usitaje kwamba mmoja ana hasira. Yaonekane katika maneno yake.

4. Chukua karatasi uliyoiandika mwaka jana, ukate robo yake. Soma kilichobaki kwa sauti mbele ya mtu mwingine.

Daftari lililo chini ya godoro lisilale huko mwaka mwingine. Litoe leo jioni.